Kuimba, Kusafiri na Kula Pamoja: Somo kwa Kamati za Uhusiano



Kila mwaka tunapoanza kupanga ziara za sharika rafiki, swali moja hurudi katika vikao vya wazee wa kanisa na katika barua za wafadhili wetu: Kwa nini tutumie fedha kwa nauli, kwaya na karamu wakati zahanati ina upungufu wa dawa na shule ina upungufu wa madawati? Wengine huuliza kwa upole, wengine kwa uchungu. Ni swali zuri, nalo linastahili jibu la kweli. Tusipolijibu, mojawapo ya mambo mawili hutokea: ama ziara zinafutwa na urafiki unabaki kuwa namba ya akaunti ya benki, ama ziara zinaendelea na manung'uniko yanaongezeka chini kwa chini.

Somo hili limeandaliwa ili lisomwe na kujadiliwa katika kamati za uhusiano na kamati za miradi za sharika, na pia katika vikundi vya marafiki wetu walioko ng'ambo. Linaweza kugawanywa katika vipindi viwili au vitatu.

Maandiko ya kusoma: Warumi 1:8-13, Warumi 15:22-33, 1 Wakorintho 11:17-34, 1 Wakorintho 16:1-4, 2 Wakorintho 8:16-21, Matendo 20:1-6.

1. CHANGIZO LA PAULO LILISAFIRI NA WATU

Wengi wetu tunafahamu kwamba mtume Paulo alikusanya changizo katika sharika za Makedonia, Akaya na Galatia kwa ajili ya maskini wa kanisa la Yerusalemu. Sura za 8 na 9 za Waraka wa Pili kwa Wakorintho husomwa mara nyingi siku za mavuno. Jambo ambalo hatulitazami sana ni namna changizo hilo lilivyopelekwa. Katika 1 Wakorintho 16 Paulo anaelekeza kwamba usharika wenyewe uchague watu wa kuipeleka zawadi yao. Katika Matendo 20:4 wanatajwa wasafiri saba, kutoka Beroya, Thesalonike, Derbe na Asia. Wafafanuzi wengi wa Biblia huwaona hao kuwa ndio wajumbe wa sharika walioandamana na changizo.

Watu saba kusafiri kwa miguu na kwa merikebu lilikuwa jambo la gharama na la hatari. Kwa nini hakutumwa mtu mmoja tu? Paulo anatoa sababu ya kwanza katika 2 Wakorintho 8: hakutaka mtu yeyote apate la kulaumu kuhusu fedha hizo. Huu ni uwajibikaji, neno tunalolitumia kila siku katika miradi yetu. Sababu ya pili iko katika Warumi. Paulo anawaambia Wakristo wa Rumi kwamba anatamani kuwaona ili yeye na wao watiane moyo, kila mmoja kwa imani ya mwenzake. Anasema pia kwamba anatazamia kufurahia kukaa nao kidogo, na kupumzika pamoja nao. Hasemi kwamba furaha hiyo ni kitu cha ziada kitakachofuata baada ya kazi. Anaiweka ndani ya mpango wenyewe wa safari.

Kwa hiyo jibu letu la kwanza ni hili: kutembeleana hakushindani na kusaidiana. Fedha inayosafiri bila watu huleta mashaka pande zote mbili. Anayetoa hajui imefanya nini, na anayepokea hajui imetoka kwa nani wala ilimgharimu nini.

2. WIMBO ULIOTOKA KWETU UKAENDA KWAO

Wamisionari wa Berlin walifika kusini mwa nchi yetu mwaka 1891, wa Leipzig wakafika Kilimanjaro mwaka 1893, na wa Betheli wakafika Bukoba mwaka 1910, ambako walikuta tayari kuna Wakristo wenyeji wakiabudu. Walikuja na Biblia, shule na dawa. Walikuja pia na nyimbo na tarumbeta. Sehemu kubwa ya tuni za kitabu chetu cha Mwimbieni Bwana zimetoka Ulaya, na vikundi vya tarumbeta vya sharika nyingi za kaskazini ni urithi wa desturi ya makanisa ya Kijerumani.

Lakini si wote wanaojua kwamba njia hiyo imepitwa pia kwa upande mwingine. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, Mlutheri wa Tanzania, aliandika maneno ya wimbo wa Pasaka unaojulikana kama "Mfurahini, Haleluya", unaoimbwa kwa tuni ya asili ya hapa nchini. Mwaka 1969 Ulrich Leupold, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kanada, aliutengenezea maneno ya Kijerumani. Leo wimbo huo ni namba 116 katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, kilichoanza kutumika kati ya mwaka 1993 na 1996. Tafsiri yake ya Kiingereza ilifanywa na Howard Olson, mmisionari wa Kimarekani aliyefundisha Makumira kwa miaka mingi na kukusanya nyimbo za Kiafrika katika kitabu cha Tumshangilie Mungu. Walutheri wa Marekani wanao wimbo huo katika kitabu chao cha ibada cha mwaka 2006. Hivyo asubuhi ya Pasaka, usharika mdogo wa Ujerumani ambao haujawahi kumwona Mtanzania hata mmoja unaweza kuwa unaimba tuni ya kwetu.

Tunalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu kamati nyingi bado hudhani kwamba sisi ni wa kupokea tu. Mgeni anapouliza "Ninyi mmetupa nini?", mzee wa kanisa huinamisha kichwa. Asiinamishe. Aombe kitabu chao cha nyimbo, afungue namba 116.

Kuhusu uimbaji wakati wa ziara, tumejifunza mambo yafuatayo:

a) Kwaya isiwe onyesho tu. Ni kawaida yetu kupanga kwaya nane ziimbe nyimbo mbili mbili wakati wageni wamekaa viti vya mbele wakipiga makofi. Baada ya saa tatu wageni wamechoka, na kwaya ya nane inaimbia watu wanaosinzia. Ni vema kwaya ziwe chache, na muda uliobaki utumike kufundishana wimbo mmoja.

b) Nota zitumwe mapema. Kwaya zetu nyingi husoma solfa, na kwaya zao husoma nota za mistari. Mwalimu wa kwaya akiandika wimbo kwa solfa, mtu mmoja upande wa pili anaweza kuugeuza kuwa nota za mistari. Aidha, sauti zote nne zirekodiwe kwa simu, kila sauti peke yake, na kutumwa angalau miezi miwili kabla ya ziara. Watu wakikutana wakiwa wanajua wimbo mmoja tayari, hata wasiojua lugha hupata la kufanya pamoja siku ya kwanza.

c) Tusiwacheke. Marafiki zetu wengi huimba wakiwa wamesimama wima bila kutikisika, vitabu mkononi. Hiyo si baridi ya imani. Ni malezi yao. Nao tuwaombe wasituchukulie kuwa watu wa kucheza tu, kwani nyuma ya wimbo mmoja kuna wiki nyingi za mazoezi, na wengine hutembea saa nzima kufika kanisani baada ya kazi za shamba.

3. SAFARI ZISIWE ZA UPANDE MMOJA

Tukubali ukweli kwamba katika ziara zetu wanaokuja ni wengi kuliko wanaokwenda. Mwenye pasipoti ya Ulaya au Marekani huweza kuamua kuja akajua kwamba atapata visa. Mjumbe wetu huweza kuandaa kila kitu, akaaga usharika, akaombewa madhabahuni, kisha akanyimwa visa kwa karatasi yenye mistari michache. Tumeshuhudia mama wa usharika aliyekuwa ameshashona gauni la safari akirudishwa nyumbani kutoka Dar es Salaam. Kibaya zaidi, watu walinong'ona kwamba lazima alikuwa na kasoro fulani. Kamati zina wajibu wa kumlinda mjumbe wa namna hiyo: usharika uelezwe wazi kwamba kunyimwa visa si hukumu juu ya tabia ya mtu, na marafiki walioalika waelezwe pia, kwa kuwa wengi wao hawajawahi kuomba visa ya namna hiyo maishani mwao.

Yako mambo ambayo yanaweza kupunguza maumivu haya. Kwa nchi za Schengen, ikiwamo Ujerumani na nchi za Skandinavia, maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipelekwe chini ya siku 15 kabla. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kuwa halali kwa miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko. Bima ya safari iwe ya matibabu yasiyopungua euro 30,000. Barua ya mwaliko ieleze nani analipa nini. Mjumbe awe na uthibitisho wa mambo yanayomrudisha nyumbani, kama vile kazi, familia, shamba au biashara. Kamati inayoanza kushughulikia pasipoti wiki tano kabla ya safari inamtafutia mjumbe wake aibu.

Kuhusu uchaguzi wa wajumbe, tusimtume mchungaji na mwenyekiti kila mara. Paulo aliagiza usharika uchague. Katika wajumbe wanne awemo mwanamke, kijana, na mtu kutoka mtaa ulio mbali na kanisa kuu la usharika. Mjumbe akirudi, atoe taarifa mbele ya usharika wote ndani ya mwezi mmoja. Taarifa hiyo isiwe tu ya majengo marefu na treni. Aeleze aliona nini katika maisha ya Kikristo ya marafiki zetu: wazee wengi wanaoishi peke yao, makanisa makubwa yenye watu wachache Jumapili, na waumini wachache wanaojitolea kwa uaminifu mkubwa. Usharika unaojua hayo huanza kuwaombea marafiki zake, na huo ni mwanzo wa usawa.

Wajumbe wanaokwenda Ujerumani wakati wa Majilio wataona shada la majani mabichi lenye mishumaa minne. Ni vema wajue chanzo chake. Mchungaji Johann Hinrich Wichern alilitengeneza huko Hamburg mwaka 1839 katika nyumba aliyoanzisha ya kulea watoto maskini, ili watoto wahesabu siku zilizobaki kufika Krismasi. Kwanza lilikuwa na mishumaa mikubwa kwa Jumapili na midogo kwa siku za wiki. Pambo ambalo sasa liko katika nyumba za matajiri lilizaliwa katika kazi ya diakonia.

4. MEZA: NANI ANAKULA NA NANI ANAPIKA?

Martin Luther na mkewe Katharina von Bora, waliooana mwaka 1525, waliishi katika nyumba kubwa ya zamani ya watawa huko Wittenberg. Meza yao ilijaa wanafunzi, wageni na wakimbizi, na mazungumzo ya mezani yaliandikwa na waliokuwapo. Lakini meza hiyo haikujaa yenyewe. Katharina alisimamia bustani, mifugo na mashamba, akatengeneza bia, na akapokea wanafunzi waliolipa ili nyumba iweze kuendeshwa. Tunapokumbuka maneno ya Luther mezani, tumkumbuke na aliyeipanga meza.

Katika ziara zetu jambo hili huonekana wazi. Wageni huketishwa meza kuu yenye kitambaa cheupe, soda na maji ya chupa. Wazee wa kanisa huketi nao. Akina mama walioamka saa kumi usiku kusonga, kuchambua mchele na kumenya ndizi hula mwisho, nyuma ya jengo, na pengine wakati huo nyama imekwisha. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa jambo la namna hiyo hiyo: wengine walishiba na wengine wakabaki na njaa, ilhali wote walisema wamekuja kula pamoja. Hakuwaambia wafute mlo. Aliwaambia wangojane.

Katika usharika mmoja wa dayosisi yetu, wanawake watatu miongoni mwa wageni waliomba siku ya pili waingie jikoni. Mwanzoni akina mama walikataa, kwa heshima ya mgeni. Baadaye walikubali wamenye ndizi za machalari. Walikaa hapo saa nne, wakiwa na mkalimani mmoja kijana. Ndani ya saa hizo walisikia jambo ambalo halikuwa katika andiko la mradi: kwamba maji ya kupikia karamu yalikuwa yamebebwa kichwani tangu juzi yake, na kwamba tangi lililopendekezwa na kamati lingejengwa karibu na ofisi ya usharika, si upande wa bonde wanakochota maji. Kamati yetu ya miradi iliporudia upembuzi, mahali pa tangi palibadilishwa. Mazungumzo ya jikoni yalitoa kile ambacho dodoso letu halikukitoa, kwa sababu aliyejaza dodoso hakuwa mbeba maji.

Kwa hiyo tunashauri:

a) Wapishi wapangwe kwa zamu, na wanaume wapewe zamu zao. Waliopika wakaribishwe na kutambulishwa, na chakula chao kitengwe kabla ya kupakua.

b) Gharama ya karamu ijulikane. Mchango wa mchele, ndizi, maharage au kuku uwe wa hiari, na mjane asitozwe kiwango ili mgeni ale nyama mara tatu kwa siku. Wageni wengi hufurahia chakula chetu cha kawaida kuliko chakula cha kuwaigia kwao.

c) Wageni waulizwe mapema kuhusu kisukari, mizio ya vyakula, na kama wako wasiokula nyama. Maji ya kunywa yachemshwe. Si aibu kuuliza. Ni aibu mgeni kuugua.

d) Wajumbe wetu waandaliwe pia. Huko Ujerumani mlo wa jioni mara nyingi ni mkate, jibini na soseji baridi. Mjumbe aliyezoea kwamba mgeni hupikiwa chakula cha moto usiku huweza kudhani hakupendwa. Na mwenyeji wa Kijerumani huweza kudhani chakula kilichoachwa katika sahani ni ishara ya kutopendezwa. Mambo haya madogo yakielezwa kabla, yanakuwa kicheko badala ya kidonda.

5. MNADA, ZAWADI NA AHADI ZA MEZANI

Furaha ya karamu hufungua mioyo, na hufungua pia pochi. Hapa ndipo urafiki mwingi umejeruhiwa.

Kwanza, mnada. Baada ya ibada, kuku, mayai, ndizi na mahindi yaliyotolewa sadaka hunadiwa nje ya kanisa. Mgeni akipandisha bei ya kuku mara kumi ya bei ya sokoni, kila mtu hupiga vigelegele. Lakini muumini aliyekuja na fedha kidogo ili anunue na kumtolea Mungu anabaki kutazama. Tumeona inasaidia wageni wanaponunua kitu kimoja kwa pamoja na kukirudisha kinadiwe tena, kisha wawaachie wenyeji sehemu iliyobaki.

Pili, zawadi. Bahasha zote zinazotolewa na wageni zipitie kwa mhazini na ziandikiwe stakabadhi. Fedha za ugeni ziwe na bajeti yake na taarifa yake, mbali na fedha za mradi. Mfadhili aliyetoa kwa ajili ya zahanati asije akakuta pilau katika hesabu zake, hata kama pilau hilo alilila yeye mwenyewe. Maombi binafsi kwa wageni, yawe ya barua au ya simu, yasiruhusiwe. Mwenye shida aisikilize kamati yake ya diakonia kwanza, na kamati hiyo imsikilize.

Tatu, ahadi za mezani. Katika usharika mmoja mgeni aliguswa na msichana aliyesoma risala, akasimama kabla ya kahawa na kuahidi kumsomesha hadi kidato cha nne. Alilipa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili alipoteza kazi, akaona haya kuandika. Msichana alikaa nyumbani muhula mzima akingoja, kwa sababu wazazi walikuwa wameacha kutafuta njia nyingine. Hatimaye wazee wa kanisa walichangishana akarudi shuleni. Mgeni yule hakuwa mwongo. Alikuwa mtu mwema aliyeahidi peke yake jambo ambalo lilipaswa kubebwa na wengi. Tangu hapo tunawaomba wageni na wenyeji kwa pamoja: mezani tushukuru, tuimbe, tusiahidi. Kila wazo liandikwe na kupelekwa kwa kamati za pande zote mbili baada ya siku 30, wageni wakiwa wamerudi kwao. Wazo linalofaa halitakufa kwa siku 30.

Kwa wafadhili wetu tunasema: msione katazo hili kuwa ni ubaridi. Mwaka 1996 umoja wa kimisioni wa VEM, uliokuwa wa Kijerumani, uligeuzwa kuwa ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani yanayoamua pamoja. Sharika zetu ni ndogo kuliko chombo hicho, lakini nazo zinaweza kuamua pamoja.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika ziara ya mwisho, ni nani katika usharika wetu hawakuzungumza na wageni kabisa? Kwa nini?
2. Karamu ya mwisho iligharimu kiasi gani, na ni nani hasa waliobeba gharama hiyo?
3. Ni wimbo gani mmoja tunaoweza kuwafundisha marafiki zetu kabla ya kukutana, na ni upi tutajifunza kutoka kwao?
4. Je, kuna ahadi ya mezani ambayo bado mtu anaingojea? Kamati itafanya nini mwezi huu?
5. Marafiki walioko ng'ambo: ni wajumbe wangapi mmewapokea kwenu kwa kulinganisha na mliowatuma? Mnaweza kuweka nauli za pande zote mbili katika mfuko mmoja?

Tunaziomba kamati zitume majibu ya swali la 2 na la 4 ofisi ya miradi ya dayosisi kabla ya kikao kijacho cha kupanga ziara. Majibu ya swali la 4 yatashughulikiwa kwanza.

Mungu awabariki wote wanaosafiri, wanaopokea wageni, na wanaopika.